Forester inayochemsha Nyang'oro: anza na mfuniko, si na injini

Swali: Salaam mtaalamu. Naishi Area C hapa Dodoma, nina Subaru Forester ya 2005, SG5, tabo ya lita 2.0, gia otomatiki. Mjini haina shida, na hata nikienda Morogoro kwa spidi ya 100 mshale wa temperecha umetulia. Shida ni barabara ya Iringa. Nikishapita Mtera na kuanza kupanda mlima wa Nyang'oro, tukiwa watu watano na AC imewashwa, mshale unapanda, na nikisimama tangi la plastiki linabubujika. Kesho yake asubuhi tangi hilo limejaa pomoni, ila nikifungua mfuniko wa juu ya injini maji yamepungua, basi naongeza ya bomba. Fundi wa kwanza anataka kutoa themostati, anasema hata magari ya rali hayana. Wa pili anasema gasketi za hedi zimekufa, tushushe injini. Wa tatu anasema Subaru ndivyo zilivyo, niuze. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Themostati, ile vali inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikishapata moto, ibaki mahali pake, injini isishushwe, na gari lisiuzwe mpaka vipimo vichache vya bei ndogo vifanyike kwa mpangilio. Umelitaja kama jambo la pembeni, lakini hilo la asubuhi, tangi la plastiki kujaa huku juu maji yamepungua, lina habari kubwa kuliko mshale wenyewe.

Maji yakipata moto hutanuka. Presha ikifika kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, vali yake kubwa huinuka na maji ya ziada huenda kwenye tangi la akiba. Injini ikipoa, maji husinyaa, ndani hubaki mvuto, na vali ndogo iliyo katikati ya mfuniko hufunguka ili maji yaleyale yarudi. Kwako yanakwenda, hayarudi. Basi kuna mambo matatu ya kutazama. Pengine vali ndogo imeganda au mpira wa mfuniko umekauka. Pengine ule mpira mwembamba unaounganisha shingo ya mfuniko na tangi una ufa, kwa hiyo unavuta hewa badala ya maji. Au gesi ya mwako inapenya kwenye njia za maji, inayasukuma nje na kukaa mahali pake. Mawili ya kwanza yanatibika kwa spea ndogo za dukani. La tatu ndilo analolisema fundi wako wa pili: gasketi inayoziba kati ya bloku na hedi (kichwa cha injini) imeshindwa. Huenda ana haki, lakini hajapima.

Kabla ya kufungua chochote, elewa kwa nini mfuniko unanihangaisha kiasi hiki. Dodoma tuko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huu maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Feni za Forester yako huanza kuzunguka mnamo nyuzi 95. Ziweke namba hizo mbili pamoja: gari lenye maji ya bomba na mfuniko unaovuja linachemka karibu palepale ambapo feni ndiyo kwanza inaamka. Mfuniko ulioandikwa 1.1 (presha ya kilo 1.1 kwa sentimita mraba) ukiwa mzima, maji yaleyale hapa Dodoma hayachemki mpaka yafike nyuzi 118 au 119, na yakiwa nusu kulanti (dawa ya rejeta) yanavuka 120 kwa raha. Nyuzi zaidi ya 20 za usalama zinakaa kwenye kipande cha bati, springi na mpira.

Tena maji yakianza kuchemka ndani ya hedi, mapovu ya mvuke hugusa chuma badala ya maji, na mvuke hauchukui joto kama maji. Sehemu hiyo ya hedi hupanda joto ghafla huku kipima joto, kilicho mahali pengine, bado kinasoma vizuri. Ndiyo maana hedi hupinda kabla mshale haujafika kwenye alama nyekundu. Mshale wa Subaru wenyewe umetengenezwa utulie. Injini inaweza kupanda nyuzi nyingi huku umesimama palepale. Ukiuona umesogea, jambo limeshaanza zamani. Tafuta kisomaji cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi kikuonyeshe nyuzi kwa namba. Subaru za soko la Japani za miaka hiyo haziongei na kila kisomaji, kwa hiyo kijaribu kwenye gari lako kabla hujatoa hela.

Sasa kazi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua mfuniko. Forester yenye tabo ina mifuniko miwili, na hapa ndipo gereji nyingi hukosea. Mmoja uko juu ya tangi dogo la chuma lililo juu ya injini karibu na intakuula (kipoozeo cha hewa ya tabo). Huo ndio unaopumua kila siku. Mwingine uko kwenye rejeta, na hutengenezwa kwa presha kubwa zaidi ili usifunguke kabla ya ule wa juu. Ukibadilishana nafasi, au mtu akinunua miwili inayofanana, mpangilio wote unavurugika na unaweza kutafuta ugonjwa mwaka mzima. Soma namba iliyo kwenye kila mfuniko. Ikiwa imeandikwa 108 kPa badala ya 1.1, ni presha ileile. Geuza mfuniko, tazama mpira wa chini: ukiwa na mfereji uliochimbika, ukiwa mgumu kama plastiki au una mpasuko, umekwisha. Vuta vali ndogo ya katikati kwa ukucha. Ifunguke kwa urahisi na irudi yenyewe. Ikikwama umeshapata mshukiwa wa kwanza. Kwa gari la umri huu ningebadilisha yote miwili bila kubishana, kwa spea halisi, maana mifuniko ya bei ya chini kabisa mara nyingi haishiki presha iliyoandikwa juu yake.

Kisha chomoa ule mpira mwembamba ncha zote mbili. Ziba upande mmoja kwa kidole, puliza upande wa pili. Ukitoa hewa popote, nunua mwingine, mita moja inatosha na kubaki. Hakikisha pia ncha iliyo ndani ya tangi inafika chini kabisa. Tangi likiwa na maji kidogo na ncha ikaning'inia juu yake, gari litanyonya hewa kila usiku.

Sasa maji yenyewe, na hapa Dodoma hili linahitaji maneno mengi kidogo. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima vya Makutupora, upande wa Mzakwe, na mitaani watu wamechimba vya kwao. Maji ya ardhini katika nchi kavu kama hii hukaa na mwamba muda mrefu, na hubeba chumvi za kalsiamu na magnesiamu. Huhitaji maabara. Fungua jagi la kuchemshia chai nyumbani uone ukoko mweupe chini. Ukoko huohuo unajijenga kwenye mirija ya rejeta, ambayo kwa ndani ni myembamba sana, milimita chache tu. Utando wa unene wa karatasi ukishafunika aluminiamu, joto haliruki kwenda kwenye hewa. Barabara tambarare huwezi kujua, kwa kuwa injini haizalishi joto jingi. Mzigo ukipanda, upungufu unajitokeza, na hiyo ndiyo sura kamili ya gari lako: Morogoro kimya, Nyang'oro kelele.

Kulanti nyingi za Japani zina fosfeti. Ni nzuri kwa aluminiamu, lakini zikikutana na maji yenye kalsiamu hutengeneza unga mgumu unaoshuka na kuziba. Kwa hiyo anayenunua kulanti nzuri kisha akaichanganya na maji ya kisima anaweza kujiletea uchafu mwingi kuliko asiyenunua. Tumia maji yaliyotoneshwa. Madukani huitwa maji ya betri, ila uwe macho: dukani hapohapo huuzwa asidi ya betri, na chupa hufanana. Soma lebo, na muuzaji akuhakikishie kwamba ni maji ya kuongezea. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kusafisha paa, yakachujwa kwa kitambaa, ni bora mara nyingi kuliko ya kisima.

Rangi ya kulanti haikuambii kilichomo. Kijani, nyekundu na buluu ni rangi za kiwandani tu, na kuna chupa za maji ya rangi zinazouzwa kwa jina la kulanti. Gereji yenye kipimo cha kulanti itakujulisha kwa tone moja: mchanganyiko wa nusu kwa nusu unapaswa kusoma ugandaji wa karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kuganda si tatizo letu, ila namba hiyo inathibitisha kwamba glaikoli, kiini cha kulanti, ipo kweli. Usizidishe ukidhani nyingi ndiyo nzuri. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, na ukivuka asilimia 60 unapunguza upoaji. Na kitu hiki ni sumu yenye utamu. Kisimwagwe uani palipo na watoto, mbwa au mbuzi.

Kusafisha mfumo kunakwenda hivi. Gari baridi, fungua koki ya chini ya rejeta. Hapo itatoka kama nusu tu ya maji. Mengine yamebaki ndani ya bloku. Funga, jaza maji yaliyotoneshwa, weka hita kwenye joto kubwa, washa injini mpaka feni zizunguke, zima, iache ipoe kabisa, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe, kwa kawaida mara tatu. Sabuni ya unga hapana, huacha povu. Asidi kali hapana kabisa, hula aluminiamu ya hedi na pampu.

Sasa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Baada ya kumwaga mara ya mwisho, ndani bado kuna lita 3 hivi za maji matupu. Ukimimina kulanti iliyochanganywa tayari, utaishia na mchanganyiko wa robo. Nunua ile nzito isiyochanganywa. Mfumo mzima unachukua lita 7 na kitu, hivyo tanguliza lita 3.5 za kulanti nzito, kisha malizia na maji yaliyotoneshwa. Hesabu inakaa sawa.

Kujaza Subaru si kumimina na kufunga. Injini imelala, silinda ziko kushoto na kulia, na hewa hupenda kujificha. Gari liwe mahali tambarare. Upande wa pili wa rejeta, juu, kuna skrubu ya kutolea hewa. Ifungue taratibu, ni ya plastiki na ikilazimishwa hukatika. Mimina polepole kupitia tangi la chuma la juu ya injini, si kupitia rejeta, mpaka maji yatoke kwenye skrubu bila mapovu. Funga skrubu, endelea mpaka tangi lijae, minya mpira mkubwa wa juu na wa chini kwa mkono mara kadhaa, ongeza. Washa injini, hita kwenye joto kubwa, ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 5, kisha acha silensa (bila kukanyaga mafuta) mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Hewa inayotoka kwenye hita iwe ya moto kweli. Ikiwa vuguvugu, au ukisikia maji yanatiririka nyuma ya dashibodi, bado kuna hewa ndani. Zima, subiri ipoe, ongeza. Kagua asubuhi tatu mfululizo; kushuka kidogo siku ya kwanza ni kawaida, siku ya tatu kusiwe na kitu.

Upande wa hewa ni mfupi lakini usiruke. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na kati yao hujaa vumbi, nyasi na wadudu, hasa kwa gari linalopita njia za vumbi kiangazi chote. Ukitazama kutoka mbele huoni. Legeza rejeta kwa juu, isogeze, mulika tochi katikati. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha hulaza mapezi ya aluminiamu na kuziba njia. Kagua pia kama kinga ya plastiki ya chini ipo. Magari mengi hapa yamezipoteza kwenye matuta na makorongo, na watu hudhani ni pambo, wakati inasaidia hewa ipite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini. Juu ya rejeta kuna tangi la plastiki nyeusi. Likibadilika kuwa la kahawia, limekaribia kupasuka, badilisha rejeta nzima badala ya kuipaka gundi.

Feni nazo. Ukiwa spidi 80 feni haina kazi kubwa, upepo unatosha. Lakini Nyang'oro si spidi 80. Ukikwama nyuma ya lori lililobeba mzigo, unapanda kwa 20 au 30, tabo inasukuma, na upepo wote wa gari ni feni. Washa AC gari likiwa limesimama: feni zote mbili zizunguke. Moja ikilala, kagua fyuzi, kisha badilishana relei, kisha mota. Feni inayozunguka kivivu ni mbovu kama iliyokufa.

Themostati sasa. Wapo wanaoendesha mashindano bila hiyo, fundi wako hakutunga. Ila wanaojua wanachofanya huweka mahali pake kizuizi chenye tundu lililopimwa, injini yao haiishi kwenye foleni, na hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Kwenye gari la familia, kuitoa kunaifanya injini iendeshwe baridi barabara tambarare: kompyuta inaongeza mafuta, petroli inashuka kwenye oili, ulaji unapanda. Kwenye injini nyingi pia njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita rejeta. Kubwa zaidi, unaficha dalili. Gari litachelewa kuchemsha, na siku likichemsha litakuwa limeshaharibika.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Iko chini ya injini, mahali mpira wa chini wa rejeta unapoingia kwenye pampu. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 na iwe wazi kabisa mnamo 91. Kwa kuwa maji ya Dodoma huchemka kwenye 96, nafasi ya kuona yote hayo ipo. Ikichelewa au ikifunguka nusu, tupa. Nunua ya Subaru yenyewe. Za kuiga mara nyingi zina mlango mdogo, na mlango mdogo ni kuchemsha mlimani.

Yale maneno ya "Subaru ndivyo zilivyo" yananikera, kwa sababu yanawafanya watu waache kupima. Injini yako ni ya ukoo wa EJ20, ukoo uleule wa silinda nne zilizolala uliokuwa kwenye Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae Safari Rally ya 1997, na Richard Burns ile ya 2000, kwenye joto na vumbi la Kenya. Zile ziliandaliwa kwa mashindano, sawa, lakini umbo la injini si ugonjwa. Kinachoua Forester za mitaani ni umri wa mipira, mifuniko na rejeta, pamoja na wenye magari wanaotanguliza ekzosti ya mngurumo kabla ya kubadilisha mpira wa rejeta wa miaka 20. Mpira mkubwa ukiwa laini kama sponji au umevimba karibu na kibano, ubadilishwe wiki hiihii.

Umefanya yote hayo, bado tangi linabubujika? Hapo gasketi inaingia, na inapimwa. Kuna kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya shingo ya tangi la chuma. Kikivuta gesi ya mwako hugeuka njano. Mfuniko ufunguliwe injini ikiwa baridi, kisha iwashwe ipate moto; kipimo chenyewe ni dakika 10. Kuna pia pampu ya presha: weka 1.1 kwenye mfumo baridi, acha dakika 15, sindano isishuke. Ikishuka na chini hakuna tone, maji yanaingia ndani. Dalili ya nyumbani ni mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili za kuwasha asubuhi, kabla maji hayajapata moto. Presha hiyo haitokani na joto. Usidanganywe na oili safi. Kwenye injini hizi gesi huvuja kwenda kwenye maji mara nyingi bila oili kuguswa, kwa hiyo stiki ya oili isiyo na rangi ya maziwa haithibitishi uzima.

Ikithibitika, kazi ifanywe mara moja na kwa ukamilifu. Hedi ziko mbili, zote zishushwe hata kama moja tu ndiyo inavuja. Zipimwe kwa rula ya chuma na fila geji: mpindo ukizidi 0.05 mm, zichongwe. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo, kwa hiyo anayepima kwa macho hajapima. Uso wa bloku upimwe vilevile. Gasketi ziwe za chuma za tabaka, bolti zikazwe kwa hatua na pembe zilizo kwenye kitabu cha injini hiyo, kwa torki renchi. Na kwa kuwa mbele kumeshafunguliwa, belti ya taimingi, tenshena, puli zake na pampu ya maji vyote viingie vipya. Belti yenyewe hubadilishwa kila kilomita 100,000, nayo ndiyo inayozungusha pampu; ikikatika, vali na pistoni hukutana.

Namna ya kuupanda ule mlima nayo ina uzito wake. Bwawa la Mtera likijaa, uso wake uko mita 698 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini iko juu ya mita 1,500. Unashuka kutoka Dodoma kwenda kwenye bonde lenye joto, kisha unadai injini ikupandishe mita 800 ikiwa imeshapata moto. Baada ya Izazi zima AC kabla mlima haujaanza, usingoje mshale. Usiache lever kwenye D. Gia otomatiki itakuwa inapanda na kushuka, koventa (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inateleza, na joto la oili ya giaboksi humwagwa kwenye rejeta ileile, kupitia kipoozeo kilicho kwenye tangi lake la chini. Weka gia ya 3, na nyuma ya lori weka ya 2, mzunguko ukae karibu 3,000. Pampu inazunguka haraka, tabo haisukumwi sana. Oili hiyo ya giaboksi ikiwa nyeusi au inanuka kuungua, ibadilishe kabla ya safari.

Namba kwenye kisomaji ikifika 105, punguza mwendo, fungua vioo, washa hita yote. Inatesa, lakini hita ni rejeta ya pili. Ikifika 110, tafuta mahali salama pa kusimama, weka pembetatu. Kama hakuna mvuke na feni zinazunguka, iache silensa dakika mbili, joto litashuka. Kama mvuke unatoka au maji yamemwagika, zima papo hapo. Usifungue mfuniko chini ya dakika 45, na usimimine maji baridi kwenye injini ya moto. Hedi ya aluminiamu hupinda au kupasuka kwa mshituko huo, na hapo maneno ya fundi wa pili yatakuwa kweli kwa mkono wako mwenyewe.

Safari ya kujaribu ifanye bila familia, mtu mmoja wa kusoma namba akae pembeni. Kati ya Dodoma na Mtera tarajia 80 hadi 92. Kwenye mlima ikifika 98 au 100 kisha ikashuka ndani ya dakika mbili ukimaliza kona za juu, mfumo ni mzima. Ikipanda polepole bila kurudi hata AC ikiwa imezimwa na gia ni ya 3, rejeta imeziba ndani, badilisha. Ikiruka nyuzi 10 ghafla, ikashuka, ikaruka tena, kuna hewa au gesi inayopita kwenye kipima joto. Hapo rudia kipimo cha buluu ukifika juu, baada ya kusubiri zile dakika 45 kabla ya kufungua mfuniko, injini ikiwa bado na joto la mlima, kwa sababu ufa mdogo wa gasketi hufunguka kwenye mzigo, na gereji asubuhi ikiwa baridi utaonekana umepona.